Mlango Usioonekana: Hukumu na Adabu za Kushirikiana Rekodi katika Mtandao wa Nyumbani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, miongoni mwa maswali yaliyotufikia kutoka Nyanda za Juu Kusini, lipo moja la baba wa familia anayeishi Mbalizi, ule mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, magharibi ya Jiji la Mbeya. Tumeona haliwezi kujibiwa kwa mistari miwili mitatu.

Baba huyu anakaa katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vinavyozunguka ua mmoja. Wapangaji wamechangishana, wakaweka ruta moja ya intaneti, na kila mwisho wa mwezi kila mmoja hutoa sehemu yake. Katika kompyuta yake amehifadhi visomo vya Qur'ani, darsa za masheikh, filamu za watoto, na pamoja na hayo kanda ya harusi ya binti yake, ile sehemu ya wanawake peke yao. Alipotaka watoto wasikilize darsa kwenye televisheni badala ya kubanana mbele ya kompyuta, kijana mmoja mjuzi wa mambo hayo alimfungulia kompyuta ili televisheni iweze kusoma yaliyomo kupitia waifai. Ikawa kheri, na nyumba ikajaa sauti ya elimu. Baada ya wiki chache mama mmoja wa hapo uani akamwambia mkewe, kwa nia njema kabisa, kwamba bibi harusi alipendeza mno, na kwamba vijana wa chumba cha mwisho walikuwa wakiitazama harusi hiyo usiku kwenye televisheni yao wenyewe.

Binti ameolewa. Mumewe amepata habari, na maneno yameingia katika ndoa changa. Baba anauliza: Je, vijana wale wameiba? Je, yeye ana dhima mbele ya Mwenyezi Mungu? Na je, afunge kila kitu, watoto warudi kukosa darsa?

Kabla ya kutaja hukumu tunapaswa kulifahamu jambo lenyewe, kwani wanavyuoni wetu wamesema kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukielewa. Ruta hurusha mawimbi, na mawimbi hayasimami kwenye ukuta wa tofali kama linavyosimama jicho la mpita njia. Kompyuta inapoamriwa kushirikisha rekodi zake, hujitangaza kwa kila chombo kilichomo katika mtandao ule ule kwamba inazo sauti na picha kadhaa. Televisheni au simu inayosikia tangazo hilo huliweka jina la kompyuta katika orodha yake, na mwenye rimoti mkononi huchagua. Mfumo uliotumika sana kwa kazi hii, uitwao DLNA, ulianzishwa mwaka 2003 kwa makubaliano ya makampuni makubwa ya vyombo vya elektroniki, nao kwa kawaida yake haumwulizi mtazamaji neno la siri. Umejengwa juu ya dhana kwamba aliyemo ndani ya mtandao ni mtu wa nyumba hiyo. Dhana hiyo huenda ikafaa pale ambapo kila familia ina nyumba yake na ruta yake. Katika nyumba ya kupanga, ambamo ruta moja inahudumia familia tano au sita zisizo na udugu wa damu wala wa kunyonya, dhana hiyo imevunjika siku ya kwanza.

Basi hakuna aliyevunja kufuli. Vijana wale waliona orodha, na orodha ilikuwa wazi.

Je, uwazi huo unawahalalishia? Hapa ndipo tunaporejea kwenye mafundisho ya kuomba idhini, mlango ambao mafakihi wameutungia milango. Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Suratun Nur, aya ya 27, amewakataza waumini kuingia nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe idhini na wawatolee salamu wenyewe, na katika aya inayofuata akawaamuru warudi wakiambiwa rudini. Aya haikusema kwamba idhini ni kwa mlango uliofungwa tu. Nyumba yenye mlango wazi nayo haiingiwi bila ya idhini. Na sababu ya hukumu hii imebainishwa katika Hadithi ya Sahl bin Saad (r.a.) iliyopokewa na Maimamu Bukhari na Muslim, kuhusu mtu aliyechungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.). Mtume alimkemea vikali, na akabainisha kwamba idhini iliwekwa kwa ajili ya macho. Basi lengo si miguu kukanyaga sakafu. Mwenye kutazama ya ndani ya nyumba ya mwenzake akiwa amekaa chumbani kwake ameingia, hata kama hakuinuka kitandani.

Wapo watakaosema kwamba vijana hawakukusudia, kwamba jina la kompyuta lilijitokeza tu kwenye televisheni yao walipokuwa wakitafuta mpira. Hili linawezekana, na sheria yetu haikulisahau. Jarir bin Abdillah (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mtazamo wa ghafla, naye akamwamuru ageuze macho yake, kama alivyopokea Imamu Muslim. Kuliona jina la faili lililoandikwa harusi ni mtazamo wa ghafla. Kulifungua, kukaa kitako na kuwaita wenzako watazame, huo si mtazamo wa ghafla tena, bali ni uchunguzi wa mambo ya watu uliokatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Kuhusu neno wizi, hatulitumii, kwa sababu wizi katika fiqhi una masharti yake na adhabu yake, na si kila haramu ni wizi. Wamevunja heshima ya nyumba ya watu. Wanawajibika kutubu, kufuta nakala yoyote waliyojiwekea, na kunyamaza.

Hapo huja hoja moja ya kitaalamu ambayo tumewahi kuisikia kutoka kwa wanafunzi wa fiqhi, nayo ina uzito unaostahili kujibiwa. Katika vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu na bara, imekuja kwamba kuitazama sura ya mwanamke ndani ya kioo au majini si haramu kama kumtazama yeye mwenyewe. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria, ameitaja kauli hiyo katika Tuhfa, sherehe yake juu ya Minhaj ya Imamu Nawawi. Msomaji wa haraka husema: video nayo ni kivuli, basi ina ubaya gani?

Tunasema, kwanza, Ibn Hajar mwenyewe ameifunga kauli hiyo kwa sharti kwamba pasiwe na hofu ya fitina wala matamanio, na wengi wa wanaosimulia suala hili huliacha sharti nyumbani. Pili, sura ya kwenye kioo huondoka anapoondoka mwenyewe. Haihifadhiwi, haisimamishwi, hairudishwi nyuma, haipelekwi Makambako kwa simu. Rekodi hubaki na kuzaliana. Tatu, mwanamke aliyejitazama kiooni hakuingia mkataba na mtu yeyote, ilhali mwanamke aliyevua mtandio wake katika hafla ya wanawake amefanya hivyo kwa sharti linalofahamika na kila aliyehudhuria, kwamba hapana mwanamume ajinabi atakayemwona. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba mtu akikusimulia jambo kisha akageuka kutazama huku na huku, jambo hilo ni amana. Hakusema neno "usimwambie mtu", bali kugeuka kwake kumetosha. Mlango wa ukumbi uliofungwa na wanaume wakabaki nje si dhaifu kuliko kugeuza shingo.

Kwa hiyo kanda ile si mali ya baba peke yake. Si mali ya bibi harusi peke yake pia. Ni amana ya kila mama, shangazi na rafiki aliyeonekana ndani yake, na baadhi yao wanaishi pale pale uani. Mafakihi wamesema kwamba aliyewekewa amana hadhamini isipokuwa akivuka mipaka au akizembea. Baba aliyeuliza hakuvuka mipaka, na alipofunguliwa kompyuta hakujua kwamba televisheni za jirani nazo zinasoma. Tunataraji kwamba ana udhuru kwa siku zile za kutojua. Tangu siku aliyoambiwa, kila usiku anaouacha mlango huo wazi ni uzembe. Aiondoe kanda katika kompyuta hiyo leo, ampe binti yake mwenyewe kwenye flashi, na wanawake wanaojulikana kuwamo waarifiwe kwa upole na watakwe radhi. Ama mume wa binti, hana haki ya kumlaumu mkewe kwa jambo ambalo hakulitenda wala hakulijua, na kumtia mkewe katika dhana mbaya kwa kosa la chombo cha watu wengine ni dhulma nyingine juu ya ile ya kwanza.

Sasa tuiangalie ruta yenyewe, maana ndiyo kiini cha ugomvi. Wapangaji wanasema: tumechangia sote, basi kilichomo ndani ni chetu sote. Huu ni mchanganyiko wa mambo mawili. Wameshirikiana njia, hawakushirikiana nyumba. Na suala hili, kwa wanaodhani kwamba fiqhi ya kale haina la kusema juu ya ruta, limo ndani ya mlango wa suluhu katika Minhaj. Imamu Nawawi anaizungumzia njia isiyopenya, yaani kile kichochoro kinachoishia kwenye nyumba za watu. Kichochoro hicho ni milki ya wale ambao milango yao imeelekea humo, na mtu mwingine hana ruhusa ya kufungua mlango wa kuingilia humo ila kwa ridhaa yao. Tafakari jinsi sura hii inavyolingana na ruta ya uani. Kila mchangiaji ana haki ya kupita. Hakuna aliyepata kwa mchango wake haki ya kuingia chumbani kwa mwenzake. Na yule anayempa rafiki yake wa nje neno la siri la waifai, ili naye apate intaneti ya bure, amefungua mlango katika kichochoro cha shirika bila ya ridhaa ya washirika.

Na neno la siri likishatoka halirudi. Simu nyingi za siku hizi humwezesha aliyepewa kumpa mwingine kwa kumwonesha mchoro mdogo kwenye kioo, bila hata kulitamka. Mgeni aliyelala siku mbili wakati wa Idi huondoka na ufunguo wa nyumba mfukoni, na akipita tena barabarani simu yake huingia yenyewe. Ruta nyingi zina uwezo wa kutoa mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, wenye neno la siri lake, ambao humpa mgeni intaneti lakini haumwoneshi vyombo vya wenyeji. Hiyo ni sawa na ile baraza ya nyumba za pwani, ambapo mgeni hukirimiwa kahawa bila ya kupitishwa ndani. Pale ambapo ruta haina uwezo huo, neno la siri libadilishwe baada ya wageni kuondoka au mpangaji kuhama. Libadilishwe pia lile neno la kuingilia ruta yenyewe, ambalo hutoka kiwandani likiwa jepesi na kujulikana na kila fundi, kwani mwenye kulijua hilo ndiye mwenye nyumba hasa.

Tumeambiwa wapo vijana wanaojaribu maneno ya siri ya majirani mara mia, jina la mtoto, namba ya simu, jina la timu, mpaka moja likubali. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alibisha mara tatu kwa Sayyidna Umar, hakujibiwa, akarudi zake, na Hadithi yake iko katika Sahihi mbili. Kijana wetu amebisha mara mia na bado yupo mlangoni! Ajue pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila haki kuwa kosa la jinai, na kwamba Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya mawasiliano yake.

Hata hivyo, tukiwalaumu majirani peke yao tutakuwa hatujaitendea haki Suratun Nur, kwa sababu aya ya 58 ya sura hiyo hiyo haizungumzii majirani hata kidogo. Inazungumzia waliomo ndani. Imewaamrisha wanaomilikiwa pamoja na watoto ambao hawajabaleghe waombe idhini katika nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Sala ya Isha. Aya ya 59 ikawataka watoto hao, wakishabaleghe, waombe idhini nyakati zote. Maana yake ni kwamba nyumba ya Kiislamu si chumba kimoja kikubwa hata kwa baba, mama na watoto wao.

Hapa tuna neno na watengenezaji. Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft ilipotoa Windows 7, iliweka humo utaratibu ulioitwa HomeGroup, uliowezesha kompyuta zote za nyumba moja kushirikiana kwa neno la siri moja. Mwenye kompyuta alipojiunga, alikuta tayari imewekewa alama ya kushirikisha picha, muziki na video, na nyaraka zikaachwa bila alama mpaka azichague mwenyewe. Utaratibu huo uliondolewa katika Windows 10 mwaka 2018, lakini fikra iliyokuwa ndani yake ingali hai katika vyombo vingi. Ni fikra kwamba barua na hesabu za mtu ndizo siri zake, na picha ni burudani ya wote. Kwetu mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Risiti ya umeme wa LUKU ikionekana na jirani haimdhuru mtu. Picha ya mama wa nyumba akisuka nywele za binti yake inamdhuru. Kwa hiyo Mwislamu anaponunua simu, televisheni au kompyuta asikubali kila alichowekewa na kiwanda. Aanze kwa kufunga picha na video zote, kisha afungue moja moja anayojua kwa nini anaifungua.

Njia nyepesi ni kutengeneza folda moja tu ya kushirikisha, tuseme inaitwa Sebuleni. Ndani yake viingie visomo, darsa na filamu zilizokwisha kutazamwa na mzazi. Kompyuta iamriwe kushirikisha folda hiyo peke yake, si diski nzima kama wanavyofanya vijana wa haraka. Picha za familia zikae nje ya folda hiyo, na zile za aura zisikae kabisa kwenye chombo kilichounganishwa na mtandao, bali kwenye flashi au diski ya nje inayochomolewa na kuwekwa kabatini. Katika kompyuta nyingi unaweza pia kuchagua vyombo gani vinaruhusiwa kusoma na vipi vinazuiwa, na ni dakika chache kuipitia orodha hiyo na kufuta usivyovitambua.

Watoto nao wana ngazi zao. Mtume (s.a.w.) ameagiza watoto waamrishwe Sala wakiwa na miaka saba, na wakifika kumi watenganishwe katika malazi, kama ilivyopokewa na Abu Daud. Mzazi anayemtenga mwanawe kitandani akiwa na miaka kumi, kisha akamwachia rimoti inayofungua kila alichohifadhi kaka yake wa miaka ishirini, ametenga miili na kuchanganya macho. Kompyuta zinaruhusu kila mtu wa nyumba awe na jina lake na neno la siri lake la kuingilia. Itumike fursa hiyo. Na wala asidhani mtu kwamba neno la siri kwa kijana mkubwa ni ruhusa ya kuficha maasi. Mzazi ni mchunga na ataulizwa juu ya aliowachunga. Lakini kuchunga si kupekua simu ya bintiye aliyebaleghe kila usiku bila sababu. Katika hili wazazi wetu wa kiume, tuseme kweli, hupitiliza upande mmoja kwa mabinti na upande mwingine kwa wavulana.

Tumebakiwa na zile rekodi ambazo hazina aura ndani yake, nazo zina hukumu ya namna nyingine. Katika miji kama Mbalizi, Tukuyu au Mafinga, ambako Waislamu ni wachache na mwalimu wa kusomesha kila jioni hapatikani kwa wepesi kama Tanga au Unguja, rekodi ni madrasa ya pili. Umma umefaidika nazo mno. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 hadi 1920, alipata kuandika risala juu ya kisomo cha Qur'ani kinachosikika kutoka kwenye fonografu, wakati ambapo chombo hicho kilikuwa kigeni na watu wakikitilia shaka. Mwaka 1961 Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary akawa wa kwanza kurekodiwa Msahafu mzima kwa kisomo cha murattal. Hapa kwetu darsa za marehemu Sheikh Nassor Bachu wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, zilisafiri kwa kanda za kaseti hadi kwa watu ambao hawakupata kumwona. Kuziweka rekodi za namna hiyo mahali ambapo uani mzima unaweza kuzisikia ni sadaka ya elimu, madhali mwenyewe hakuzuia.

Akizuia, au akiwa anaziuza, hilo ni jambo jingine. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, ilipitisha kwa azimio namba 43 kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisheria, za wenyewe, na kwamba haijuzu kuzivamia. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inamlinda mtunzi, huku ikimpa mtu nafasi ya kunakili kwa matumizi yake binafsi chini ya masharti yake. Neno binafsi ndilo la kuzingatiwa. Filamu uliyoinunua, ukaitazama sebuleni na wanao, umo ndani ya haki yako. Ukiifungulia nyumba sita kila usiku, au ukiirusha kwenye memori kadi za wateja kwa shilingi mia tano, umekuwa mfanyabiashara wa mali isiyo yako, na kusema kwamba kila kibanda cha mjini kinafanya hivyo si dalili ya kisheria. Hata qaswida zina watunzi wenye watoto wa kulisha. Jambo hili wengi wetu hulisahau, tukidhani kwamba kilicho cha dini hakina mwenyewe.

Upo usalama wa aina nyingine, wa kuilinda rekodi isipotee. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150 kikipitia udhaifu katika njia ile ile ambayo Windows huitumia kushirikisha mafaili. Kilifunga mafaili ya watu na kudai fidia, na hospitali nyingi za Uingereza zilikwama. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi mwaka huo, lakini waliokuwa hawajayapokea ndio walioumia. Kompyuta moja isiyosasishwa uani inaweza kuwa sababu ya jirani kupoteza picha za marehemu mama yake. Hivyo kusasisha programu ni katika haki za jirani, yule jirani ambaye Jibril (a.s.) aliendelea kumuusia Mtume wetu juu yake mpaka akadhani atamrithisha. Na nakala ya pili ya vile usivyotaka vipotee iwepo kwenye diski isiyounganishwa, kwani umeme wetu nao hukatika bila kubisha hodi.

Mwisho ni kuhusu fundi na mnunuzi. Simu ikiharibika watu huipeleka kibandani na memori kadi yake ndani, na kompyuta ikichakaa huuzwa na diski yake. Mafaili yaliyofutwa kwa njia ya kawaida mara nyingi bado yamo, na fundi mwenye programu ya kufufulia huyarejesha kwa muda mfupi. Kabla ya kumkabidhi fundi, toa memori kadi. Kompyuta ya kuuza itolewe diski, au diski hiyo isafishwe yote kwa programu inayoandika upya juu ya yaliyokuwamo. Iwapo katika chombo hicho zimo picha za wanawake wa nyumba na diski imekufa haiwezi kusafishwa, basi ivunjwe, wala hilo halihesabiwi kuwa ni israfu.

Wallahu a'alam.